Mkono wa Mwenye Kisima

Apua alishika kikombe cha bati kwa mikono miwili, akanywa. Wanawake waliopanga mitungi yao mbele ya tangi walinyamaza kama wanavyonyamaza kila asubuhi, wakalitazama koo lake likipanda na kushuka. Alipomaliza alikipindua kikombe waone kwamba hakikubaki kitu, kisha akafungua koki.

"Siku hizi unashika kikombe kama padre," alisema Aukot, jirani yake, mwanamke ambaye mdomo wake haulali. "Bado utuambie tupige magoti."

Wanawake wakacheka. Apua naye akacheka, lakini hakukiweka kikombe chini mpaka kila mtu alipoinamia mtungi wake. Alijua akikiweka huku wanamtazama kitagonga saruji, ta-ta-ta-ta, nao watauliza, na yeye hana la kujibu.

Kisima hicho kilichimbwa na mama yake kwa karai na mikono, katika mchanga wa laga, ule mto mkavu. Upande ule wa Lopur wanakokaa, ukichimba kisima ni chako, na mtu mwingine hanywi mpaka wewe mwenyewe unywe kwanza. Ilikuwa adabu tu, ya kumwonyesha mgeni kwamba anayempa maji hana kinyongo naye. Baadaye watu wa msaada walikuja, wakakichimba zaidi, wakaweka pampu ya sola na tangi. Kamati ya maji ikaundwa. Chini ya tangi likafunguliwa shamba la mtama, kunde na sukuma wiki, kila nyumba na kipande chake. Mama mtu alipokufa, kamati ilisema desturi ibaki, basi Apua akarithi ufunguo na kikombe.

Adabu hiyo ikageuka kipimo siku karasha lilipokuja. Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Tajiri mmoja kutoka mbali, ambaye kila mtu humwita Bosi, aliliweka juu kidogo, pale laga inapokata kona. Ule unga wa mawe huoshwa kwa dawa nzito, inayoteleza kama fedha iliyoyeyuka, na maji machafu humwagwa katika shimo. Shimo lenyewe liko mchangani, na mchanga wa kule juu ndio huohuo wa huku chini.

Mbuzi wakaanza kutupa mimba. Watu waliuliza, kwa nini wasiulize? Ofisa mmoja alikuja na chupa, akazijaza maji, akaenda nazo, mpaka leo. Ndipo Lokaale, mwenyekiti wa kamati, aliposimama mkutanoni akasema, "Mnataka kipimo gani zaidi? Apua anakunywa kila asubuhi mbele ya macho yenu. Ameanguka?"

Watu wote walimgeukia Apua. Hakuwa ameanguka. Mkutano ukaisha, watu wakaenda kuchota.

Binti yake Christine alikuwa amerudi nyumbani kujifungua. Alikuwa akifanya kazi katika jiko la hoteli moja Lodwar, na mwenye hoteli alipoona tumbo limekuwa kubwa alimwambia apumzike, akipata mtoto watazungumza. Apua ndiye aliyekwenda kumchukua. Huko Lodwar alipita hospitali kimya kimya, hata Christine hakumwambia. Nesi alimshika vidole, akamwambia avinyooshe, akavitazama kwa muda.

"Mama, kutetemeka huku kunaletwa na mambo mengi," nesi alisema. "Nitachukua damu ipelekwe Nairobi. Majibu yakija nitakupigia."

Tangu siku hiyo Apua hulala na simu karibu na kichwa. Haijalia.

Sasa mama na binti walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha nyumba, Christine akitunga shanga za mtoto, nyeupe na buluu. "Mama, nitungie huu upande, macho yangu yamechoka."

Apua akapokea uzi. Akachukua ushanga, akaulenga, ukamponyoka. Akachukua mwingine. Uzi ulikwenda huku, ushanga kule, kama vitu viwili visivyotaka kuonana. Huyu ndiye aliyewatungia shanga wanawali wa nusu ya kijiji.

"Mama?"

"Uzi wenyewe mbaya," Apua alisema. "Siku hizi wanauza takataka."

Christine alichukua uzi akaendelea mwenyewe. Baadaye, kiu ilipomshika, aliinuka kuuendea mtungi wa buluu uliokuwa mlangoni, na Apua akaruka kama aliyeona nyoka.

"Si huo! Wako ni ule mdogo wa ndani."

"Kwani huu una nini? Wewe si unakunywa?"

"Wewe umezoea maji ya Lodwar. Haya yatakuvuruga tumbo." Alisema huku amempa mgongo.

Ekwam, mume wa Apua, alirudi kutoka kazini kwenye karasha jua likiwa bado juu, mwili mzima mweupe kwa vumbi la mawe. Kabla ya kusalimia alikwenda nyuma ya zizi, akakaa huko muda, akarudi na jembe mkononi.

"Ejok," alisalimia. "Ni yule mbuzi mwekundu. Naye ametupa mimba."

"Uliona kitoto kilikuwaje?"

"Nimefukia."

"Nakuuliza kama ulikiona."

"Mama Christine, nimekwambia nimefukia!" Alilitupa jembe chini. Kisha akatazama tumbo la binti yake, akatazama pembeni haraka, akaomba maji ya kunawa.

Yale maji ya mtungi mdogo yalitoka Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Apua alikuwa akiyapata kwa Nyabol, mama wa Sudan Kusini anayeuza mboga kambini. Yeye humpelekea sukuma na kunde, Nyabol humlipa na kumjazia mtungi katika bomba la kambi, maana Apua alimwambia ana binti mwenye mimba, na Nyabol ameshazaa safari nyingi, hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Asubuhi iliyofuata, baada ya kunywa kikombe chake mbele ya watu, Apua alifunga mboga kwenye gunia na kupanda pikipiki. Alipofika, Nyabol alimpa kiti, akamuuliza habari za nyumbani, akamuuliza habari za tumbo la binti, lakini gunia hakulifungua.

"Dada yangu," alisema mwishoni, "mimi nakupenda sana. Lakini hii mboga yako mimi sinunui tena."

"Kwa nini? Imekatwa leo. Tazama, haijanyauka."

"Si kunyauka. Watu hapa nasema maji yenu ya kule iko na sumu ya dhahabu. Wateja nauliza, hii sukuma imetoka wapi? Nikisema Lopur, naenda kwa mwingine."

"Nani anasema hivyo? Uongo mtupu!"

"Watu tu." Nyabol aliinamisha kichwa. "Wewe mwenyewe nakunywa?"

"Kila asubuhi. Mbele ya watu wote."

Nyabol alimtazama mkono. Apua alikuwa amelishika gunia kwa shingo, na gunia zima lilikuwa likichezacheza, majani ya juu yakitikisika ingawa upepo haukuwepo.

"Ndiyo," Nyabol alisema polepole. "Naona."

Pale kwenye meza jirani wanawake wengine walikuwa wameacha kupanga nyanya, wanatazama. Mmoja alimwondoa mtoto wake karibu na lile gunia, akamfuta mikono na kanga. Apua aliona. Angeweza kustahimili matusi, lakini kule kumfutafuta mtoto mikono kulimkata maini.

Nyabol alichukua mtungi, akaenda, akarudi nao umejaa. "Hii ni ya mtoto. Lakini kesho sijui, dada. Maji hapa nakuja kwa zamu, watu naanza kuniuliza napelekea nani."

Njiani Apua alimwomba mtu wa pikipiki asimame penye vichaka vya mathenge. Alishuka na kumwaga mboga zote. Alisimama kuzilinda, akiwafukuza mbuzi wa watu wasije wakala, mpaka yule kijana wa pikipiki akamuuliza, "Mama, uko sawa kweli?"

Aliporudi nyumbani alimkuta Lokaale. Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa lile koti lake zito, joto lote lile, mkono mmoja mfukoni. Karibu na mguu wake kulikuwa na mfuko wa sukari na majani ya chai. Ekwam alikuwa amekaa chini kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

"Shemeji, ejok," Lokaale alisema. "Nimekungoja."

"Ejok, mwenyekiti. Ningejua ningewahi."

Christine alileta chai, akaiweka mbele yake. Lokaale alishukuru lakini hakuigusa. Aliiacha pale chini ikaanza kupoa, na Apua akawaza, haya basi, hata huyu ameanza kudharau maji yangu.

"Kesho tuna wageni," Lokaale alisema. "Wakubwa wa leseni. Wanataka kuona kama karasha linaishi vizuri na wananchi. Bosi anataka wafike tangini asubuhi, waone desturi yetu. Waone maji yanavyonywewa."

"Nitakunywa."

"Hutakunywa."

Mbuzi mmoja alikohoa zizini.

"Nimekutazama, shemeji. Juzi yalikumwagikia mpaka shingoni. Aukot anafikiri ni mchezo, lakini wageni si Aukot. Wakikuona hivyo, wataandika mambo."

"Basi waandike."

"Wakiandika, Bosi anafungiwa. Bosi akifungiwa, mzee hapa atakula wapi?" Alimwonyesha Ekwam kwa kidevu. "Ile pampu ilipokufa mwaka jana nani alinunua nyaya? Ni kamati? Kamati ina nini? Na wale vijana wa machimboni, ambao hawana kazi nyingine, wakiambiwa kazi imeisha kwa sababu ya mwanamke mmoja... Mimi siwezi kuwazuia. Nakwambia kama ndugu."

Apua alitazama mlangoni. Huko nje njia ilikuwa tupu, lakini aliona kama imejaa watu.

"Unataka nini, mwenyekiti?"

"Kisima ni cha ukoo. Tone la kwanza ni la damu ya mama yako." Akamgeukia Christine, akamtabasamia kama baba. "Binti atakunywa. Mwenye mimba akinywa, nani tena atafungua mdomo?"

Apua alimtazama mume wake. Ekwam alikuwa akichora mchanga kwa kijiti, mstari juu ya mstari.

"Baba Christine. Umesikia?"

"Ni kikombe kimoja," Ekwam alisema. "Kimoja tu, mama. Halafu wageni wanakwenda."

"Wewe ndiye uliyefukia. Mimi sikufukia. Niambie kilikuwaje."

Ekwam aliacha kuchora. Kile kijiti kilivunjika mkononi mwake.

"Mama, nitakunywa," alisema Christine. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono chini ya tumbo, kama anayelikinga lisisikie. "Mimi sitaki baba afukuzwe kwa ajili yangu. Wanawake wote hapa wanakunywa. Hata wewe unakunywa."

Lokaale aliinuka. Alijikung'uta koti kwa mkono mmoja. "Binti ana akili," alisema. "Sukari naiacha pale. Ni ya chai ya kesho."

Alipoondoka, Apua aliichukua ile chai yake iliyopoa, akaimwaga mbali, nyuma kabisa ya zizi. Akarudi akakaa karibu na Christine. Alitaka kumwambia jambo. Alitaka kumwambia kwamba tangu mwezi uliopita kila kikombe kinaposhuka tumboni anakisikia, anakifuata kinakokwenda, kwamba akiokota kijiko anakitazama kwanza kama adui, kwamba simu ya Lodwar hailii na yeye anaogopa isilie na anaogopa ilie. Badala yake akasema, "Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Basi vizuri."

Magari mawili yalikuja asubuhi, yakapita laga kwa kishindo na kusimama karibu na tangi. Wakashuka wageni wenye kofia, wameshika chupa zao za maji ya dukani. Walizungumza Kiingereza wao kwa wao. Bosi alishuka nyuma yao anacheka, akawapa watu mkono mmoja mmoja, hata watoto. Vijana wa machimboni walikuwa wamefika mapema bila kuitwa, wamesimama kando, mikono kifuani.

Watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Mitungi ilipangwa mpaka kwenye miti. Ekwam alisimama kule mwisho na nguo za kazi.

"Wageni wetu," Lokaale alisema, amevaa koti lake, "sisi hapa hatuna mashine za kupima. Sisi tuna desturi. Mwenye kisima hunywa kwanza, ndipo sisi tunywe. Leo atakunywa binti wa nyumba hiyo, ambaye, kama mnavyoona, anatuletea mtu mpya."

Wageni wakatabasamu. Mmoja alitoa simu apige picha. Christine alisogea mbele. Alikikinga kikombe chini ya koki, kikajaa, akakiinua. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alimtafuta mama yake kwa macho, kama alivyokuwa akimtafuta zamani, mtoto mdogo, kabla ya kuchomwa sindano.

Apua alipita katikati ya mitungi. Aliwaona vijana wa machimboni wakiacha mikono yao ikashuka. Aliendelea. Alifika, akakichukua kikombe mkononi mwa binti yake, maji mengine yakimwagika kwenye vidole.

"Hiki ni kisima cha mama yangu," alisema. "Mimi sijafa. Mtoto atakunywaje kwanza mama yake akiwa hai? Ni desturi ya wapi hiyo?"

"Sawasawa!" wazee waliitikia kwa nyuma. "Hapo amesema!"

Lokaale alikuwa ametoka dakika ile ile kuisifu desturi mbele ya wageni. "Haya, shemeji," alisema kwa meno. "Kunywa basi. Mikono miwili."

Apua alikijaza tena kikombe mpaka juu kabisa. Kisha akauachilia mkono wa kushoto. Ukashuka ukaning'inia ubavuni. Akanyoosha ule wa kulia mbele yake, mbali na mwili, kuelekea kwenye mitungi na watu, kikombe kikiwa kwenye ncha za vidole.

Kikaanza kutetemeka. Kwanza kidogo, maji yakifanya viwimbi. Kisha mkono wote, kutoka begani, kama mti unaotikiswa na mtu aliye chini yake. Maji yaliruka huku na huku, yakamlowesha kifua, yakamwagikia miguuni, yakanywewa na mchanga. Pete yake ya shaba iligonga bati, ta-ta-ta-ta, na ilisikika mpaka kwenye magari kwa sababu hakuna aliyekuwa akipumua. Apua hakuuzuia. Mwezi mzima alikuwa ameuzuia. Alisubiri mpaka kikombe kikawa kitupu, ndipo kikamponyoka chenyewe.

"Mmekuwa mkinitazama nikinywa," alisema. "Mlikuwa mnatazama koo. Nitazameni mkono."

Yule mgeni wa simu aliishusha polepole.

"Huyu mama ni mgonjwa," Bosi alisema haraka, akicheka kidogo. "Malaria hiyo. Nitampeleka hospitali mimi mwenyewe, leo leo. Mwenyekiti, endelea."

Lokaale hakuendelea. Watu walikuwa wamemgeukia Aukot, kwa mazoea tu, maana yeye ndiye husema jambo la kuwachekesha mambo yakiwa magumu. Aukot hakusema. Aliweka mtungi wake chini. Akanyoosha mkono wake mwenyewe mbele ya uso, vidole vimetanuka, akautazama kama kitu alichokiokota njiani. Mkono ulikuwa umetulia. Wote walitulia nao. Kisha kile kidole cha mwisho, kile kidogo, kikaanza kucheza peke yake.

"Yesu wangu," Aukot alisema.

Mwanamke wa nyuma yake akanyoosha wake. Na mwingine. Mitungi iliangushwa, mama mmoja akawa anamfungua mtoto mgongoni, anamshika vidole, anavitazama kimoja kimoja. Ekwam kule mwisho alikuwa ameinua mikono yote miwili, nyeupe kwa vumbi, na alikuwa anaitazama akilia bila sauti. Christine alikuwa amelikumbatia tumbo. Vijana wa machimboni, ambao huishika ile dawa kwa viganja vitupu kutoka asubuhi mpaka jioni, walikuwa wamesahau kwa nini walikuja. Mmoja aliinua mkono nusu, akaushusha haraka, akaurudisha kifuani.

Koki ilikuwa bado wazi, maji yakimwagika, hata mtu mmoja hakuyakinga.

Aukot ndiye aliyegeuka wa kwanza. "Mwenyekiti," alisema, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha wowote. "Na wewe toa yako."

Watu wote wakamtazama Lokaale. Jua lilikuwa limeshapanda, jasho lilikuwa likimtiririka usoni mpaka kwenye ukosi, na alisimama pale ndani ya lile koti zito, mikono yote miwili mifukoni, kitambaa cha mifuko kikitikisika. Hakuitoa.